Muhuri Mmoja wa Sanglin

Hapo zamani, huko China, enzi ya Qin ilipokuwa imekwisha kuanguka na enzi ya Han bado haijazoea kiti chake, palikuwa na mchonga mihuri aliyeitwa Tan Boyi. Tan ni jina la ukoo, nalo kwa Wachina hutangulia. Boyi ni jina lake mwenyewe. Yasikilizeni majina vizuri, kwa maana hiki ni kisa cha jina moja litakaloandikwa na mawili yatakayoachwa.

Tan Boyi aliishi Sanglin, mji mdogo wenye ukuta wa udongo, miforosadi mingi, ile miti ambayo majani yake hulisha viwavi wa hariri, na viwavi hao walikuwa wengi kuliko watu. Mkewe alikuwa Fan Rou. Mwanamke wa Kichina haachi jina la ukoo wa baba yake anapoolewa, kwa hiyo si sahihi kumwita Bibi Tan. Walikuwa na binti mmoja, Ling. Ndiyo sababu Fan Rou alimwita mumewe Baba Ling, isipokuwa akikasirika. Akikasirika alimwita Mchonga Mawe.

Asubuhi moja mjumbe wa mfalme mkuu mpya aliingia katika karakana ya Tan Boyi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, jina lake Xue An. Akaketi bila kukaribishwa, akatoa mkobani jiwe la kijani lenye ukubwa wa kidole gumba, akaliweka juu ya meza.

"Bwana Tan," akasema, "muhuri wa cheo nimekuja nao tayari. Umeandikwa 'Liwali wa Sanglin', basi. Uliobaki ni muhuri wa jina la liwali mwenyewe, na huo sharti uchongwe hapa. Jiwe ni hili moja. Sina jingine."

"Nichonge jina la nani?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe. Mfalme ameagiza kila wilaya itawaliwe na mtu aliyewaokoa watu wake wakati wa Qin. Nimeambiwa kwamba hapa waliokolewa watu arobaini. Nimewaita, nimewauliza: nani aliyewaokoa? Kumi na watatu wakasema Yan Shude. Kumi na watatu wakasema Pei Zhong. Kumi na watatu wakasema Gu Mang. Nikawahesabu upya nikidhani nimekosea. Thelathini na tisa."

"Wa arobaini ni mimi," akasema Tan Boyi. "Goti langu liliniuma, sikuja mkutanoni."

"Basi goti lako limekufanya mtu mkubwa leo. Ngoma ya kufunga soko ikilia adhuhuri na jiwe hili bado tupu, Sanglin itaunganishwa na wilaya ya Heifu. Ndiyo amri niliyopewa."

Fan Rou, aliyekuwa akikoroga uji wa mtama, akaangusha mwiko. Liwali wa Heifu alikuwa Cao Biao, na Cao Biao alikuwa akijijengea nyumba yenye nyua saba kwa watu wa shokoa, yaani watu waliokamatwa kufanya kazi ya lazima. Ua wa tatu ulikuwa haujaisha. Na kila mtu alijua kwamba aliyekwenda shokoa mara moja akarudi hai huandikwa wa kwanza safari ya pili, kwa kuwa ana uzoefu.

"Baba Ling," akasema Fan Rou, "goti lako haliwezi kubeba udongo tena. Chonga."

"Nichonge nini?"

"Jina! Unafikiri nakuambia uchonge bata?"

Sasa, kisa cha watu arobaini kilikuwa hivi.

Katika mwaka wa mwisho wa Qin, amri ilikuja: Sanglin itoe watu arobaini wakajenge ukuta huko Shikou, wafike siku ya kumi ya mwezi. Aliyeandika majina alikuwa karani wa wilaya, Pei Zhong, mtu mwembamba asiyecheka, aliyeamini kwamba nchi ni sheria na kilichobaki ni kelele. Jina la Tan Boyi aliliandika la ishirini na tisa. Tan Boyi akamwambia, "Karani, mama yangu ni mzee na mimi ndiye mwanawe wa pekee." Pei Zhong akajibu, "Anayesamehewa ni mwana wa pekee wa mama asiyeweza kutembea. Wako nimemwona sokoni jana. Alikuwa anakimbiza kuku."

Watu wakajiandaa kuondoka alfajiri. Lakini Mwalimu Yan Shude akasimama mlangoni mwa mji, kanzu yake imenyooka, ndevu zake zimechanwa. Huyu alifundisha mambo ya kale, ya wakati wa Zhou, enzi iliyoitangulia Qin: adabu, heshima kwa wazazi, na kwamba mtawala mwema huongoza kwa mwenendo wake, si kwa bakora. Kumi na mmoja kati ya wale arobaini walikuwa wanafunzi wake.

"Mnakwenda mbali," akasema, "na hamjawaaga wazee wenu waliolala makaburini? Mtu haondoki nyumbani kama paka."

Wakarudi makaburini. Wakainama, wakamwaga divai, wakainama tena. Adabu ya kuaga ikala nusu siku nzima, na walipoanza safari ngurumo ya kwanza ilikuwa imekwisha kusikika.

Wakafika Mto Huo, mto umejaa. Mvushaji wa pale alikuwa Gu Mang, mzee aliyeifuata Njia, ile ambayo Wachina huiita Dao. Wanaoifuata husema kwamba mambo mengi duniani huharibika kwa sababu mtu ameyashika. Gu Mang aliutazama mto, akaitazama mvua, akalala chali ndani ya mashua yake na makasia chini ya mgongo.

"Tuvushe!" akasema kiongozi wa msafara.

"Kaeni."

"Tukichelewa tutakatwa vichwa!"

"Mkivuka leo mtakufa leo. Mkichelewa mtakufa wiki ijayo. Mimi ni mvivu, lakini kuhesabu najua."

Kiongozi akachomoa upanga. Gu Mang akafumba macho. "Ukiniua," akasema, "nani atakuvusha?" Kisha akaanza kukoroma, na Tan Boyi, aliyekuwa amesimama karibu, hakuweza kujua kama ni usingizi wa kweli.

Wakakaa. Siku ya pili msafara wa mji mwingine ulijaribu kuvuka upande wa juu wa mto. Alasiri kofia kumi na mbili za mianzi zikapita mbele ya watu wa Sanglin, zikielea polepole, hazina vichwa chini yake. Tangu hapo hakuna aliyemwamsha Gu Mang. Siku ya nne maji yalipungua, mzee akajinyoosha, akawavusha wote huku akilalamika kwamba wengine ni wazito.

Wakafika Shikou wamechelewa siku nne. Kamanda wa pale, Meng Kui, alikuwa na neno moja. "Aliyechelewa hukatwa kichwa. Kesho adhuhuri."

Habari zilikuwa zimekwisha kufika Sanglin kwamba mto umewazuia. Mwalimu Yan Shude alikuwa ameanza safari kwa miguu siku ileile habari zilipofika, peke yake, na umri wake miaka sabini na mmoja. Akafika Shikou asubuhi ya siku ya kuuawa watu. Hakupiga kelele. Alimwinamia Kamanda kama inavyopasa, hatua tatu mbele, moja nyuma, na alipoinua uso akaona kamba nyembamba ya katani ikichungulia chini ya deraya ya Kamanda, vazi lake la vita. Kwa Wachina, katani ni vazi la msiba.

"Kamanda," akasema kwa upole, "umefiwa na nani?"

Meng Kui akaisukuma ile kamba ndani. "Mama."

"Umemlilia?"

"Nimlilie saa ngapi? Nina ukuta wa kujenga."

"Basi mimi ni mzee, naujua utaratibu wote. Nitaketi nawe. Lakini mikono ya mwana aliye katika siku za msiba wa mama yake haimwagi damu. Siku tatu tu. Baada ya hapo, ukitaka kichwa, anza na changu, maana ni mimi niliyewafundisha hawa."

Yule kamanda aliyeogopwa hata na farasi akavua deraya, akaketi chini, akalia kama mtoto. Kwa siku tatu yeye na Mwalimu walikaa juu ya mkeka wa nyasi, wakala uji mwembamba, wakamtaja marehemu kwa jina lake, Bibi Zuo Lan. Watu arobaini walifungwa zizini, nao wakajikuta wanamlilia mama wa mtu aliyetaka kuwaua. Tan Boyi alilia kuliko wengi. Hakujua analia kwa ajili ya nani.

Na huko Sanglin, Karani Pei Zhong alikuwa ghalani akitafuta sheria moja, hajala, hajalala. Sheria za Qin ziliandikwa juu ya vijiti bapa vya mwanzi vilivyofungwa kwa nyuzi, na panya walikuwa wamekula nyuzi. Vijiti elfu tatu vilikuwa vimechanganyika kama kuni. Pei Zhong alivipakia vyote juu ya punda wawili, akaondoka, na njia nzima aliketi juu ya punda akivipanga kimoja kimoja. Kila alipokipata kilichofuata, wapita njia walimsikia akisema, "Aha!"

Akaingia Shikou siku ya tatu, jua likielekea utosini, mashoka yameshanolewa.

"Kamanda Meng!" akaita. "Unavunja sheria."

"Mimi? Mimi ndiye sheria hapa."

"Wewe ni mtumishi wake, kama mimi. Sikiliza." Akasoma kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha tatu kilisema: *Walioitwa kazini wakazuiliwa na mvua, siku za mvua zisihesabiwe.*

Kamanda akakitazama kile kijiti. Akakigeuza. Akatazama muhuri wa mji mkuu uliopigwa mwishoni. "Miaka kumi nimekuwa hapa," akasema, "na hakuna aliyewahi kunisomea hiki."

"Hukuwahi kuuliza," akajibu Pei Zhong.

Watu arobaini wakafunguliwa. Wakamkimbilia Pei Zhong wamkumbatie, naye akarudi nyuma hatua mbili. "Sikuja kuwaokoa," akasema. "Nimekuja kusahihisha kosa. Na msisahau, kazi yenu ya ukuta bado iko palepale." Ndipo Tan Boyi akabeba udongo miezi miwili, na ndipo goti lake lilipoharibika. Mwaka uliofuata Qin ikaanguka, na ukuta ule ukawa makao ya mbuzi.

Hicho ndicho kisa. Tan Boyi akawaita wote watatu karakanani. Mjumbe Xue An akaketi pembeni na bakuli la uji, maana Fan Rou hakuwa mtu wa kumwacha mgeni na njaa hata kama amekuja na balaa.

"Semeni," akasema Tan Boyi. "Kila mmoja na lake."

Mwalimu Yan Shude akaanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mimi sijisifu. Ila nasema hivi: bila zile siku tatu, kijiti cha Karani kingesomwa mbele ya vichwa vilivyokwisha kukatwa. Na sikuzipata kwa upanga wala kwa hila. Nilizipata kwa kumkumbusha mtu kwamba ana mama. Hivyo ndivyo Zhou ilivyotawala, na Zhou ilisimama karibu miaka mia nane."

"Na mia tano ya mwisho ilisimama kama mlango usio na nyumba," akasema Pei Zhong. "Mfalme wake alikuwa anainamiwa na kila mtu, hatiiwi na yeyote. Mwalimu, siku zako tatu zingeisha. Zilikuwa zinaisha! Machozi yalimchelewesha Kamanda. Kilichomzuia ni sheria. Na usingewapeleka makaburini kuinamainama, wangevuka mto kabla haujajaa."

Mwalimu akageuka mwekundu. "Na Qin yako, Karani, ilidumu miaka mingapi? Kumi na mitano! Kanzu hii niliyovaa ina umri zaidi. Mkachoma vitabu vyetu..."

"Vyako vilikuwa ndani ya ukuta wa bustani. Nilijua."

Mwalimu akashtuka. "Ulijua? Mbona hukuvichukua?"

"Amri ilisema nipekue nyumba. Ukuta ule ni mpaka. Mpaka si nyumba."

Xue An akapaliwa na uji kwa kicheko. Mwalimu akamwinamia Karani kidogo sana, kiasi kwamba mtu angeweza kusema hakuinama.

"Na wewe, Mzee Gu?" akauliza Tan Boyi.

Gu Mang alikuwa amejiegemeza mlangoni akila forosadi mbivu. "Mimi sitaki huo muhuri. Nitauweka wapi? Utaangukia mtoni."

"Basi afutwe!" akasema Pei Zhong.

"La hasha," akasema Mwalimu. "Asiyekitaka cheo ndiye pekee asiyeweza kukiharibu. Wafalme wa kwanza kabisa walitafutwa mashambani, wakikimbia."

"Mzee Gu," akasema Fan Rou, "asiyetaka kazi na asiyeweza kazi wanafanana sana, mpaka kazi ianze. Sema lako."

Gu Mang akajifuta midomo. "Haya. Zhou iliwafundisha watu kuinama. Qin ikawafundisha kutetemeka. Hakuna aliyewaacha wakakaa. Mimi niliwaacha wakakaa. Nyie wawili mlipigania watu waliokuwa hai. Ningewavusha siku ile, mngekuta mtoni msafara wa kofia tu, Mwalimu angezilia na Karani angeziandika kwenye orodha."

"Lakini ni wewe uliyewachelewesha siku nne!" akasema Pei Zhong.

"Na ni wewe uliyewaandika majina," akajibu Gu Mang, bila kelele.

Mjumbe akakohoa. "Mji mkuu siku hizi wanasema hivyo hivyo, Mzee. Watu waachwe wapumue."

"Wanasema hivyo," akasema Pei Zhong, "huku wakitumia sheria zetu karibu zote. Nimezisoma. Wamebadilisha jina la juu."

Mjumbe akajifanya anatafuta mtama uliobaki katika bakuli.

Fan Rou akaweka mikono kiunoni. "Mimi nina swali moja kwa wote, nalo si la zamani. Kesho Cao Biao wa Heifu anakuja mlangoni na askari, anadai watu ishirini wa kujenga ua wake wa nne. Mtafanya nini?"

"Nitatoka na vazi langu kamili," akasema Yan Shude, "nitampokea mbele ya watu wote kama mgeni mwema, mpaka aone haya kuwa mgeni mbaya."

"Na asipoona haya?"

"Kila mtu ana mahali haya ilipojificha, Bibi Fan. Kazi ni kupapasa."

"Mimi nitamwonyesha jiwe la mpaka," akasema Pei Zhong. "Akilivuka bila barua ya mji mkuu, nitamfunga pingu, yeye na farasi wake."

"Na akija na barua?"

Pei Zhong hakusita. "Nitampa watu ishirini. Si ishirini na mmoja."

"Mzee Gu?"

"Nitawaambia watu wote waende mlimani kuchuma majani ya miforosadi, wauache mlango wazi. Cao Biao ataingia, hatamkuta mtu, hatakuta chakula, hatakuta hata mtu wa kumtukana. Jioni atarudi kwake."

"Na akichoma mji?"

"Ataona taabu kutafuta kuni," akasema Gu Mang, lakini safari hii hakutabasamu.

Nje, mpiga ngoma wa soko alionekana akipanda ngazi za mnara, taratibu, kwa kuwa alikuwa na tumbo kubwa. Tan Boyi akalikaza jiwe katika kibanio. Akachukua patasi nyembamba. Muhuri huchongwa kinyume, ili ukipigwa usomeke sawa, na mkono ukiteleza mara moja jiwe limekwisha, halifutiki.

"Baba Ling," akanong'ona Fan Rou, "unamfikiria nani?"

"Namfikiria kila mmoja," akasema Tan Boyi. "Bila Gu Mang ningekuwa kofia inayoelea. Bila Yan Shude ningekufa siku ya kwanza. Bila Pei Zhong ningekufa siku ya tatu. Mmoja alinizuia nisife, mmoja akanipa siku za kuishi, mmoja akanipa haki ya kuishi. Na Yan Shude ndiye aliyetuchelewesha kuondoka, Gu Mang akatuchelewesha kufika, na Pei Zhong akatupeleka. Rou, kila ninayemshukuru ndiye ninayemlaumu."

"Hilo ni la jana, Mchonga Mawe. Liwali utakayemchonga utakaa naye kesho."

"Mfalme hakusema hivyo. Mfalme alisema aliyewaokoa watu."

"Mfalme hataamka Sanglin kesho."

Mwalimu alinyoosha mkono wa kanzu yake. Karani alilitazama jiwe kama kwamba lina kosa ndani yake. Mvushaji alitazama nje, lakini forosadi aliyoishika hakuila.

"Bwana Tan," akasema mjumbe, "mpiga ngoma ameinua fimbo."

Tan Boyi akapuliza vumbi, akalalia meza, na ncha ya patasi ikagusa jiwe.

Hapo ndipo ninapomwacha, mimi msimulizi, kwa sababu ngoma haingoji na mimi si mchongaji. Ninyi mliosikiliza mna magoti mazima na hakuna anayewapigia ngoma. Majina mmeyasikia: Yan Shude, aliyempa mtu machozi yake, Pei Zhong, aliyepanga vijiti elfu tatu juu ya punda, Gu Mang, aliyelala mto ulipojaa. Mkono wa Tan Boyi uko juu ya jiwe, na jiwe ni moja. Je, achonge jina la nani? Nani kati yao alistahili?